Haibridi jipya au la mtumba? Kwa Mombasa, hesabu huanzia kwenye betri

Mtu anayeingia yadi ya magari Mombasa akitafuta haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, huwa ameshapiga hesabu moja kichwani, nayo ni ya mafuta. Amesikia EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, ikitangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, amemsikia dereva wa teksi akisifu kwamba Toyota Aqua hainywi mafuta, na sasa amebakiwa na swali moja: anunue jipya kwa muuzaji rasmi, au lile lililoshuka bandarini juzi kutoka Japani? Hesabu yake ya mafuta ni ya kweli, lakini haijibu swali hilo. Mafuta hujibu kama ununue haibridi au gari la petroli tupu. Jipya au mtumba ni swali la betri, joto, chumvi na riba ya benki.

Msimamo wa makala haya ni kwamba mkazi wa kawaida wa Mombasa anunue haibridi iliyotoka Japani, ya miaka ya katikati kati ya zile zinazoruhusiwa kuingia, na fedha za betri nyingine ziwekwe kando siku ile ile ya kununua. Jipya lina watu wake, nao si wengi. Ya kuogopwa zaidi ni haibridi iliyozeekea hapa hapa pwani, hata ikionyesha kilomita chache.

Tuyamalize mafuta kwanza. Anayetoka Nyali kwenda Changamwe na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini, akatimiza kilomita 40 kwa siku kwa siku 300, hufika kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari la petroli la 1500cc, katika foleni zetu na AC ikivuma tangu asubuhi, chukua hutoa kilomita 12 kwa lita: hizo ni lita 1,000. Haibridi ya ukubwa huo yenye betri nzima, weka 20: lita 600. Tukipiga petroli kwa shilingi 180, umeokoa 72,000 kwa mwaka. Dereva wa teksi za programu anayekwenda kilomita 150 kwa siku hufika 45,000 kwa mwaka, na kwake tofauti ni lita 1,500, yaani shilingi 270,000. Hapo unaelewa kwa nini teksi nyingi zimegeuka haibridi.

Sasa weka haibridi mbili mezani, jipya na mtumba. Tuseme jipya linatoa 22 na mtumba 20. Kwa kilomita 12,000 tofauti ni lita 55 hivi, haifiki hata shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa teksi ni lita 205, karibu 37,000. Upande wa pili weka bei. Kama jipya limezidi mtumba kwa milioni 2, na umekopa kwa riba ya asilimia 14, mwaka wa kwanza tofauti hiyo peke yake inakudai riba ya 280,000. Bima kubwa ikiwa asilimia 4 ya thamani ya gari, ongeza 80,000. Muuzaji anayekwambia uchukue jipya kwa ajili ya mafuta hajakaa na kalamu na karatasi.

Na namba za karatasi za mauzo zisikubabaishe. Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kipimo cha Kijapani cha kilomita 35.4 kwa lita. Kipimo hicho hakikuijua foleni ya Likoni wala jua la saa saba mchana. Haibridi hupata faida pale gari linaposimama na kuondoka, linaposimama na kuondoka: injini huzimika, breki hurudisha nguvu kwenye betri, mota huanza safari. Kongowea saa kumi na mbili jioni ni uwanja wake. Njia ya Nairobi si uwanja wake. Kuanzia Mariakani ukishashika kilomita 100 kwa saa injini ndiyo inayofanya kazi karibu yote, na pengo kati yake na gari la petroli hupungua sana. Ambaye safari zake nyingi ni za barabara kuu, kwanza ajiulize kama anahitaji haibridi hata kidogo.

Basi jipya linakupa nini? Linakupa betri yenye umri wa sifuri, historia isiyo na siri, na dhamana. Hiyo dhamana ndiyo bidhaa hasa unayoilipia, kwa hiyo isome kabla ya kuangalia rangi ya viti. Dhamana ya betri ya haibridi mara nyingi huwa tofauti na dhamana ya gari zima. Omba kwa maandishi ni miaka mingapi, kilomita ngapi, inashughulikia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie) pia au betri tu, inakatika ukikosa sevisi moja, na kama gari likifanya kazi ya teksi dhamana inabaki. Jipya linamfaa anayekusudia kukaa nalo miaka kumi na anayelipa bila mkopo, au kampuni ambayo gari kulala gereji siku tatu ni hasara kubwa kuliko riba. Wengine wote wanalipia utulivu wa moyo kwa bei ambayo ingenunua betri zaidi ya moja.

Kwa upande wa mtumba, sheria na kodi zina mvuto wake, na mvuto huo unaelekea kubaya. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, yanayopita ni yale yaliyosajiliwa kuanzia 2019. KRA, mamlaka ya mapato, nayo hupiga ushuru kutoka kwenye bei ya gari likiwa jipya, ile orodha ya CRSP, kisha hukata thamani kwa hatua kadiri gari linavyozeeka, na gari linalokaribia miaka minane hukatwa zaidi ya nusu. Juu ya thamani hiyo unakuja ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, kila kimoja kikipandia mgongo wa mwenzake. Matokeo yake ni kwamba gari lenye ushuru mdogo kabisa ni lile la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa, na yadi hujaa hayo. Kwa gari la petroli mchezo huo hauna ubaya mkubwa. Kwa haibridi unanunua betri iliyokwisha kula miaka saba, halafu unaileta kwenye joto. Ukiongeza ushuru kidogo ukapata la miaka minne au mitano, umenunua miaka ya betri, na hiyo ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote katika biashara hii.

Betri yenyewe ni lazima ieleweke, maana hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Katika Aqua ya kwanza na Toyota Axio ya haibridi ni vipande 20 vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Toyota Prius ya kizazi cha tatu ina 28, volti 201.6. Mafundi huviita seli. Vimefuatana kwenye mstari mmoja wa umeme, kwa hiyo kimoja kikichoka huwaburuza wote: ukikanyaga mafuta, volti ya jozi ile dhaifu (kompyuta huzipima seli mbili mbili) huporomoka mbele ya wenzake, kompyuta inaona, taa za onyo zinawaka, na kosa P0A80 linaandikwa.

Adui wa kwanza ni joto. Betri hizi hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni ndogo kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Gari likiachwa juani mchana wa Februari, ndani huzidi nyuzi 50. Ukiingia ukaondoka mara moja, feni inavuta hewa hiyo hiyo ya tanuri na kuipitisha kwenye betri inayotakiwa kuanza kazi. Lile tundu nalo huziba: vumbi, nyuzi za zulia, nywele, mchanga wa ufukweni ulioingia na miguu ya watoto. Mara nyingine ni begi tu lililosukumwa pale. Feni iliyoziba haipigi kelele za kukuomba msaada. Inazunguka kwa nguvu zaidi, unasikia mvumo nyuma ya kiti, unadhani ni AC.

Adui wa pili ni wa kwetu hasa. Hewa ya bahari huingia hata palipofunikwa, na ndani ya betri kuna vipande vya shaba vinavyounganisha seli moja na nyingine, pamoja na nyaya nyembamba zinazopelekea kompyuta habari za volti. Shaba hiyo hushika kutu ya kijani au unga mweupe. Upinzani wa umeme unapanda, kompyuta inasoma volti ya uongo, na inatangaza betri imekufa wakati seli zenyewe bado zina nguvu. Fundi asiyefungua kifuniko atakuuzia betri nzima. Anayejua atatoa vipande vile, avisafishe au avibadilishe, kisha akaze nati kwa kipimo. Kwenye Prius ni Nm 5.4 tu, na anayekaza kwa nguvu ya mkono huvunja kichwa cha seli. Kazi hiyo si ya kila mtu. Plagi ya usalama huchomolewa kwanza, husubiriwa dakika 10 ili kapasita za inveta, zinazohifadhi umeme, ziishiwe nguvu, na glavu za kuzuia volti 1,000 huvaliwa. Fundi anayeshika nyaya za rangi ya machungwa kwa mikono mitupu, mwondoe kwenye gari lako kwa heshima.

Kwa sababu hizo mbili, gari lililokaa Mombasa tangu 2017 na kutembea kilomita 70,000 linaweza kuwa na betri mbaya kuliko la Japani lililotembea 110,000. Kilomita hupimwa kwenye dashibodi. Miaka ya joto na chumvi haipimwi popote isipokuwa kwa mashine.

Kuhusu kubadilisha seli moja moja, jambo linalopendwa sana gerejini kwa sababu ni rahisi mfukoni: seli 20 zilizoishi pamoja huchoka pamoja. Ukiweka moja yenye nguvu katikati ya 19 zilizochoka, hazilingani katika kujaa wala katika kutoa, na ndani ya miezi kadhaa inayofuata kwa udhaifu inaanguka. Unarudi, unalipa tena ufundi, unarudi tena. Dawa hiyo inafaa kwa gari unalotaka likusogeze hadi mwisho wa mwezi. Ukiamua kutengeneza, badilisha pakiti nzima, na ukinunua iliyofanyiwa ukarabati uliza seli zake zimetoka wapi na zimepimwa uwezo wa saa ngapi za ampea, yaani kiasi cha umeme zinachohifadhi, si volti peke yake. Seli iliyokufa inaweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haijabebeshwa kazi.

Aina za magari hazilingani katika haya. Aqua ya kizazi cha kwanza, pamoja na Axio na Fielder za haibridi, ndizo ambazo spea zake ni nyingi hapa na mafundi wamezizoea. Kwa kazi ya teksi Aqua ya 2019 au 2020 bado ndiyo yenye akili. Kizazi cha pili kilichotoka Julai 2021 kina injini ya silinda tatu, na matoleo yake mengi yana betri ya muundo mpya yenye nguvu zaidi. Kwa familia inayotaka kukaa nalo muda mrefu hilo ndilo chaguo langu, ukikubali kusubiri spea.

Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza 2009, haiwezi tena kuingia nchini kwa sababu ya umri. Kila unayoiona inauzwa imeshaishi hapa. Ina ugonjwa wake unaojulikana: njia ya EGR, inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini, huziba kwa masizi, joto la silinda linapanda, na mwisho gasketi ya silinda hedi inaachia. Dalili yake ni injini kutetemeka kama inagonga meza asubuhi inapowaka baridi, na kulanti (maji ya kupozea) kupungua bila tone kuonekana chini. Ukiona hivyo, usijadili bei. Ondoka.

Honda Fit ya haibridi iliyotoka Septemba 2013 inavutia kwa bei na kwa nafasi ya ndani, lakini gia boksi yake ni ya klachi mbili yenye gia saba, na Japani iliitwa kiwandani mara tano ndani ya takriban mwaka mmoja. Klachi hizo hazipendi kutambaa. Foleni ya Mtwapa kwa saa nzima, sogea hatua mbili simama, ndiyo hali mbaya kuliko zote kwake. Kuanzia 2020 Fit mpya iliacha mfumo huo ikaja na e:HEV, ambamo mota ndiyo inayosukuma gari katika mwendo wa mjini. Kwa hiyo kwa Honda, mwaka mmoja kati ya 2019 na 2020 unaweza kuwa magari mawili tofauti kabisa, ingawa yadi itayaweka bega kwa bega kwa bei inayokaribiana.

Nissan Note e-Power ni habari nyingine: injini ya 1.2 haigusi magurudumu, inazalisha umeme tu. Mjini ni tamu. Barabara kuu inakula zaidi ya ulivyotarajia. Betri yake ya lithiamu iko chini ya viti vya mbele, na anayeishi pale maji hutuama masika alifikirie hilo.

Na kuna magari yenye kibandiko cha haibridi ambayo mota yake ni ndogo tu ya kusaidia injini kuondoka, kama baadhi ya Suzuki na Serena za zamani. Hayatembei kwa umeme foleni nzima, na hayapaswi kulipiwa bei ya haibridi kamili.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa na moto amekuficha mwanzo wa hadithi. Bonyeza swichi mguu ukiwa kwenye breki, subiri neno READY. Washa AC hadi mwisho na ukae. Kompresa ya haibridi za Toyota inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo AC ni mzigo mzuri wa kupimia. Tazama vipimo vya betri kwenye dashibodi; kwenye Aqua ni vijiti vinane. Betri nzima hupanda na kushuka polepole. Ikishuka hadi vijiti viwili, injini ikawaka, kisha ikajaa pomoni ndani ya dakika chache, halafu ikashuka tena, huo ni mtungi uliobaki na kikombe kimoja cha maji.

Fungua boneti gari likiwa READY. Tafuta tanki dogo la kulanti ya inveta, lililo mbali na la injini. Ukifungua kifuniko maji yawe yanachezacheza. Yakiwa yametulia kama ya mtungi, pampu ya inveta imekufa, na inveta ikiungua hesabu yako yote imekwenda. Kulanti iwe ya waridi. Ikiwa ya kahawia au imepauka, kuna mtu aliongeza maji ya bomba, na kwa Mombasa hayo mara nyingi ni maji ya kisima yenye chumvi.

Halafu breki. Gari likiwa limesimama kimya, bonyeza breki na kuachia mara kadhaa, usikilize. Pampu ya breki hunguruma kidogo ikanyamaza. Ikiwa inanguruma kila baada ya sekunde chache bila wewe kugusa kitu, mfumo wa ndani unavuja, na kile kipande hakitengenezwi kwa bei ya pedi. Wengi hawajui kwamba pedi za haibridi hudumu sana kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, na kwa hapa hilo ni sifa yenye ubaya wake: diski isiyotumika hushika kutu, pini za kalipa, kile kishikio cha pedi, huganda kwa chumvi, na upande mmoja unabaki ukiburuza. Baada ya kuzunguka, karibia kila gurudumu kwa kiganja. Lenye joto kuliko wenzake ndilo lililoganda.

Kinachofuata ni mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na hapa usiridhike na kuambiwa hakuna kosa. Makosa hufutwa kwa dakika moja. Soma kipimo cha kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Gari la yadi lenye kilomita 6 tangu kufutwa limesafishwa kwa ajili yako. Kisha mtu aendeshe na wewe usome volti za jozi za seli akikanyaga mafuta kwa nguvu: tofauti ya sehemu ndogo ya volti kati ya jozi bora na dhaifu si tatizo, lakini ikizidi volti 1 nzima unatazama betri iliyo njiani kwenda. Linganisha pia joto la sensa za betri. Moja ikiwa juu mbali na nyingine, hewa haifiki pale. Programu ya simu ya Dr. Prius pamoja na kifaa kidogo cha Bluetooth hufanya kazi hii kwa Toyota, na kifaa hicho ni rahisi kuliko kosa lolote utakaloliepuka.

Mwisho inama chini. Magari ya Hokkaido na mengi yaliyotoka Uingereza yametembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu, na kutu iliyoanza kule hapa inapata chakula. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake; ukikutana na mstari wa tope au harufu ya unyevu, gari limeogelea, na haibridi iliyoogelea haina bei nzuri.

Karatasi zisichukue muda mrefu, ila zisirukwe. Karatasi ya mnada ya Japani yenye alama R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Herufi S katika mchoro wa bodi ni kutu, na W ni sehemu iliyonyooshwa. Linganisha namba ya chesisi ya karatasi hiyo na ya gari, na kilomita zake na zile za cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Kwa gari la hapa nchini, fanya utafutaji wa rekodi kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ujue kama kuna benki inayolidai.

Gari likishakuwa lako, mambo machache yana uzito kuliko sevisi ya kawaida ya oili. Safisha feni ya betri na kichujio chake kila miezi sita, siyo pale taa inapowaka. Ukifika gari limeoka juani, fungua milango dakika mbili kabla ya kuondoka. Pini za kalipa zivuliwe na kupakwa grisi yake mara moja kwa mwaka. Oili ya injini iwe 0W-20, na ya transaksili (gia boksi ya haibridi) ya Toyota ni ATF WS.

Kwenye foleni ya feri Likoni, usiweke gia kwenye N ukaacha AC iendelee. Katika N haibridi ya Toyota haichaji betri, nayo AC inaendelea kunyonya. Weka P; betri ikishuka injini itawaka yenyewe, ijaze, izime.

Na AC ikiharibika, kabla fundi hajafungua hata nati moja muulize atatumia oili gani kwenye kompresa. Kwa kuwa kompresa hii ina mota ya umeme wa volti nyingi ndani yake, Toyota hutumia oili ya ND-11, isiyopitisha umeme. Oili ya PAG ya magari ya kawaida hupitisha. Kiasi kidogo tu kikiingia, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi, kompyuta inaandika P0AA6, na gari linaweza kukataa kuingia READY. Kuosha mfumo mzima baada ya hapo na kuweka kompresa nyingine ni gharama ya kukaribiana na betri. Mombasa hakuna anayeendesha bila AC, kwa hiyo kosa hili litakukuta mapema kuliko la betri usipouliza.

Kabla ya kutoa ofa yoyote, pata bei mbili za betri ya gari hilo hilo, moja ya muuzaji rasmi na nyingine ya gereji ya haibridi inayotoa dhamana kwa maandishi. Ukiambiwa laki mbili, na mashine imeonyesha betri ya nusu umri, laki moja itoke kwenye bei ya yadi. Muuzaji akisema betri ni nzima haina haja, mwambie aandike hivyo kwenye mkataba kwa miezi sita. Akikataa kuandika, amekuonyesha thamani ya maneno yake.